Nilipogeuza Njia Kilimanjaro

Miaka ya tisini nilipanda Kilimanjaro na mwalimu mwenzangu wa shule yetu ya Kitengela, Kajiado. Tulipokaribia kilele, kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa na sote wawili tulikuwa tunatapika. Nikasema mimi narudi.

"Mwalimu, ukirudi saa hii watakucheka Kajiado nzima," akaniambia, akaendelea kupanda.

Niliteremka kwa miguu yangu. Yeye alivuka mpaka wa Namanga ndani ya jeneza, kwa sababu hewa nyembamba ya huko juu ilimjaza maji mapafuni.

Matangani walinong'ona kwamba mimi ni mwoga. Shemeji yangu akaniuliza mbele ya watu kama angalau nilifika. Sikuinamisha kichwa. Nilimkazia macho nikamwambia ndiyo, nilifika Kitengela.