Viti vya Matajiri

Mwanamke aliyetuchumia majani chai alimwita baba yangu "tajiri." Yeye alitoka milima ya upande wa Kisii. Huku kwetu karibu na Kapkatet, miaka ya tisini mwanzoni, yeyote aliyeandika mtu kazi aliitwa hivyo, hata kama nyumba yake ni ya udongo. Yetu ilikuwa ya udongo. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeingia tu sekondari, na neno hilo nililiamini.

Likizo ya Aprili kanisa letu lilifanya harambee ya mabati. Mzee wa kanisa alipanga mbele viti vilivyoazimwa shuleni, akatangaza, "Matajiri wakae hapa. Wengine mtatoshana kwa mabenchi." Baba akaitwa mbele, nasi tukamfuata. Nilikuwa nimevaa sweta ya shule makusudi, watu wajue ninasoma wapi.

Yule mama mchumaji akaja na kuku mwekundu kwapani, sadaka yake ya kupigwa mnada. Aliponiona alifurahi, akaketi kiti cha kando yangu. Nguo yake ilinuka moshi. Nyuma yetu walikuwepo wasichana wawili wa shule yetu.

Nikamwambia, "Anti, hapa ni pa matajiri. Enda nyuma."

Akaniangalia. "Pole," akasema. "Mimi nimekuja tu kukaa na watu wangu."

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Alisimama mlangoni ibada nzima, kuku mkononi. Kuku aliponadiwa, baba ndiye aliyemnunua, watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Nilipokuwa mdogo niliugua malaria, baba akiwa safarini na mama karibu kujifungua. Yule mchumaji ndiye aliyenibeba mgongoni kwenye mvua hadi hospitali. Sikuwa nimesahau. Nilimwambia aende nyuma nikiwa nayakumbuka hayo yote.

Mama yangu alikuwa amesikia. Jumatatu asubuhi akanipa kikapu. "Leo utachuma na yeye. La kumwambia unalijua."

Tulichuma mstari mmoja hadi saa sita. Mara mbili nilifungua mdomo. Ya kwanza nikajifanya ninapiga miayo. Ya pili nikauliza kama mvua itanyesha.

"Itanyesha," akasema.

Kikapu changu kilikuwa karibu kitupu. Kabla hatujaenda kituo cha kupimia majani, aliyachota ya kwake kwa mikono miwili, akanijazia, akafunika vizuri juu. Nikaenda nayo hivyo hivyo, kama yangu. Karani akanisifu mbele yake.

Shule ilipofungwa Agosti, nilikuta amehamia shamba kubwa upande wa Kericho. Mama aliniuliza kama niliwahi kumwomba msamaha. Nikasema ndiyo. Baadaye nilielezwa hata kambi ya wafanyakazi aliyokaa, na haikuwa mbali. Ningeweza kufika na kurudi siku moja.

Sikwenda.