Ndoana Zilizozungushwa Kulia

Enzi zetu fundo lilikuwa elimu. Mtoto wa miaka saba asiyejua kumfunga mbuzi bila kumnyonga alihesabiwa kuwa hajalelewa, na aliyesemwa kisimani ni mama yake. Leo mjukuu wangu, kijana mzima mwenye ndevu, akija likizo namtazama anavaa viatu visivyo na kamba eti kamba zinamchelewesha. Anachelewa kwenda wapi sijui, maana muda mwingi amekaa. Sisi tuliokulia milimani juu ya Same, wakati wa Mwingereza, tulifunga kuni, tulifunga majani ya ng'ombe, tulifunga mizigo ya sokoni, na katika kijiji kizima hakuna aliyefunga kama mama yangu.

Ajabu ni kwamba mafundo yake yaliyosifiwa zaidi yalikuwa ya kuvulia samaki baharini, na bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Maji mengi kuliko yote aliyoyajua yalikuwa ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, ambalo ukirusha jiwe linaangukia ng'ambo.

Ilikuwa hivi. Baba alikwenda Tanga kufanya kazi katika shamba la mkonge, na mashine ya kukamua mkonge ikamla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alipopona hakurudi. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, kwamba jembe halishikiki tena na kwamba anaona haya kurudi kukaa jikoni alishwe na mkewe. Amepata rafiki mwenye mtumbwi, wanavua kwa mshipi na chambo. Mshipi unavutika hata kwa mkono mmoja, vidole viwili vya kulia vikisaidia. Kinachomshinda ni kufunga ndoana, na kuwaomba wenzake kila asubuhi kumemchosha moyo. Mwisho aliandika, "Mama Nakundwa, wewe unaweza?"

Nakundwa ndiye mimi. Barua zote nilizisoma na kuzijibu mimi, kwa kuwa mama hakwenda shule.

Mama hakujibu kwamba anaweza. Aliniandikisha maswali. Chini ya maji kuna mawe au mchanga? Samaki huyo ana meno ya kukata, au anameza tu? Akichomwa anakimbilia mbali, au anarudi alikotoka? Baba alijibu moja baada ya jingine. Mchangani wapo changu, hudonoadonoa kwa woga. Kwenye mawe yupo chewa, mwenye mdomo kama mlango, ambaye akishika chambo hukimbilia pangoni kwake. Mama alisikiliza huku anachambua maharage, kisha akasema kwa Chasu, lugha yetu Wapare, "Huyu wa pangoni namjua. Ni kama beberu wa jirani."

Basi kazi ikaanza. Baba alituma katani safi, mama akaisokota pajani mpaka ikawa uzi mwembamba mgumu, akaupaka nta ya nyuki. Ndoana zilitoka duka la Mhindi pale Same, siku ya soko. Kwa ajili ya changu alitumia kipande cha madini ya risasi chenye tundu, akakiacha kiteleze juu ya mshipi, ili samaki avute chambo bila kuhisi uzito. Kwa ajili ya chewa alifunga jiwe chini kabisa, na ndoana akaziweka juu yake kwenye vipande vifupi vya uzi, zisijikokote kwenye mawe. Kila fundo aliliroweka kutwa nzima kwenye maji ya chumvi, halafu akalitundika kwenye boriti na kuning'iniza jiwe la kusagia. Likiteleza kidogo tu, alilikata na kuanza upya. Sisi watoto tulicheza mdako nje na kusikia lile jiwe likianguka, tukajua leo makande yatachelewa.

Nilishangaa jambo moja. Ndoana alizifunga kwa katani, lakini lile jiwe la chini alilifunga kwa uzi dhaifu wa kushonea. Nikamuuliza.

"Jiwe likinasa, lazima kitu kikatike," alisema. "Kila kamba ina mahali pa kukatikia, mwanangu. Afadhali uchague mwenyewe."

Jambo jingine sikuliuliza kwa sababu nililizoea. Mama alikuwa wa mkono wa kushoto. Walimchapa utotoni mpaka akajifunza kula na kusalimia kwa kulia, ila katika kufunga hawakumuweza. Uzi wake ulizunguka shingo ya ndoana kuelekea kushoto, mara saba, umelala sawasawa.

Mzigo ulikwenda Tanga na mjomba Eliamani, kaka yake mama, kibarua wa reli. Alirudi na ng'onda, samaki wakavu waliotufanya tunuke chumvi mpaka darasani, tukachekwa na wenzetu waliotamani kualikwa. Mjomba alisema wavuvi wa kule walizishika zile ndoana wakauliza ni fundi gani wa pwani. Baba aliwaambia fundi yuko milimani na hajawahi hata kuyaonja maji ya bahari. Hawakumwamini. Nilijivuna shuleni kana kwamba nimezifunga mimi.

Lakini Krismasi ilipita bila baba, ya pili ikapita, na ya tatu ilipokaribia nikaelewa jambo lililoniumiza sana. Kadiri mama alivyofunga vizuri, ndivyo baba alivyozidi kukaa. Nikamwambia mama amwite. Akajibu, "Mtu hafungwi kama mbuzi." Siku hiyo nilimwona akifuta macho kwa kanga, na hapakuwa na moshi.

Mzigo wa mwezi ule nikaufungua mama alipokuwa shambani. Nikabadilisha nyuzi. Jiwe nikalifunga kwa katani, na ndoana zote nikazifunga kwa uzi wa kushonea. Nilihesabu mizunguko saba, nikaipaka nta, nikaona hakuna atakayejua. Niliwaza kwamba baba akikosa samaki atarudi.

Wiki mbili hazikuisha. Nilikuwa uwanjani na mdako wangu, nikamwona baba anapanda njia, jasho linamtoka. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaniuliza:

"Mama yako yuko wapi? Yu hai?"

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba aliushika mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akavigusa vidole kimoja kimoja. Kisha akafungua kitambaa chenye ndoana mbili.

"Nimevuta nikapata jiwe tupu, chewa kaondoka na ndoana. Nikazitazama hizi zilizobaki. Uzi umezunguka kulia. Nikajua si wewe. Nikasema amekufa, au mkono wake umekuwa kama wangu, na wananificha."

Mama alizitazama ndoana, akanitazama mimi. Nililia kabla sijaulizwa. Nilingoja kofi, na halikuja.

"Na ungenikuta sina vidole," mama akamuuliza, "ungeniacha?"

"Ningekuachaje?"

"Basi ingia ule."

Baba aliingia. Tanga hakurudi tena, ila kusalimia. Wazee walimpa kazi ya kufungua na kuziba ndiva, kazi ya jicho zaidi ya mkono, na hakuna shamba lililokosa maji zamu yake. Mama alimfundisha kufunga fundo kwa meno, akawa anawafunga mbuzi vizuri kuliko mimi.

Sasa mjukuu wangu yuko Tanga kikazi, na Jumapili huenda kuvua. Ananiambia ndoana zinauzwa zimeshafungwa, ndani ya plastiki, zote sawa. Kila asubuhi ananiandikia kwenye simu, "Shikamoo bibi, nipo poa." Herufi zimesimama wima, hazilali hata moja. Nazitazama sana, natafuta uzi umezunguka wapi, nisione. Ndipo namwambia binti yangu anipigie simu kwa kijana, niisikie sauti yake, na nimuulize kama mikono yake ni mizima. Huwa anacheka. Anadhani bibi yake anazeeka.