Mchoro wa Baba Amade

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha afya cha Palma, nesi mkuu, tuliyemwita chefe, hakunionyesha sindano wala dawa. Alinifundisha kuchora ukoo: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, aliyefariki hupigwa mstari. Ndivyo tulivyofuatilia selimundu, maradhi ya damu ambayo mtoto hurithi kwa baba na mama kwa pamoja. "Chora wakikuona," aliniambia. "Ukijificha, utarudi na karatasi tupu."

Nilipohamishiwa Olumbi, habari za gesi iliyogunduliwa baharini zilikuwa zimefika mashambani. Watu wa kampuni, wenye kofia ngumu, walipita wakisimika vigingi kwenye ardhi itakayochukuliwa na kuuliza nani kalima wapi, nani kazikwa wapi. Mimi nikafuata nyuma yao, nikiuliza nani kazaa na nani, na nani kafa.

Baba Amade, mkulima wa mihogo, alimleta mwanawe Amade vidole vimevimba, analia mifupa. Damu tuliyoipeleka hospitali ya mkoa, Pemba, ilirudi na jibu: selimundu. Mkewe alikuwa amempakata mtoto mchanga. Nilitaka naye apimwe mapema, maana anayewahi dawa huepuka mengi. Nikaanza kuchora.

Baba Amade akaweka kidole juu ya mraba. "Hili shamba la nani?"

Nikamweleza kwamba ndiye yeye.

"Mimi nina pembe nne? Na haya ya duara ni visima, sio?"

Nilipouliza kama wamewahi kufiwa na mtoto, akasema hajazika hata mmoja, na damu ya huyu mdogo haitoki. Mtoto akalia. Mkewe akamwinamia. "Nyamaza, Jalala."

Pwani yetu jina hilo halitolewi hivihivi. Hupewa anayezaliwa baada ya wenzake kufa, ili kifo kimdharau kama takataka. Nikaweka kalamu chini.

"Baba Amade, sitauliza walikozikwa. Niambie wangapi tu."

Akamtazama mkewe kwanza. "Wawili. Wachore hao. Makaburi usichore."

Sikuyachora. Jalala akapimwa, akakutwa na selimundu, akaanza dawa kabla hajaumwa.

Kazi niliiacha mapema; miguu yangu haitulii. Leo nachuuza vitenge njia ya Awasse, moyo umebaki kituoni. Ninyi mnaoshika kalamu sasa, msingoje kuaminiwa ndipo mfanye kazi. Nilipopita Olumbi mara ya mwisho, Jalala alikuwa anakimbiza mbuzi. Kando ya makaburi ya kwao palikuwa na kigingi kipya cha watu wa gesi. Baba Amade aliitikia salamu yangu, kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, ule mchoro nilimwonyesha nani.