Mwigizaji wa Wales aliyetufundisha QT Mwanza, na maneno niliyomtilia mdomoni

Wakuu, salamu kwenu, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Mnaonijua humu mnajua huwa natia chumvi. Samaki wangu wa robo kilo akifika kwenye uzi anakuwa sangara wa kubebwa na watu sita. Leo chumvi nitaiweka kwenye vitu vidogo tu. Jambo lenyewe nitaliacha lilivyo, maana nimelibeba miaka mingi na mabega yamechoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mwanza. Ruksa ya biashara imeingia, mitumba imejaa, kila aliyepunguzwa kiwandani kafungua genge. Mimi kijana wa Kisesa, darasa la saba, nikapata kazi mjini: kutafsiri muvi kwenye kibanda umiza cha Mama Kulwa, Kirumba.

Kwa mliozaliwa na simu mkononi, kibanda umiza ni chumba kimoja, TV moja, deki moja na mabenchi. Chumba cha watu arobaini tulikuwa tunaingia kama elfu nne. Joto lake lingeivisha mihogo. Mtafsiri unakaa pembeni na maiki, mzungu akifungua mdomo unampunguzia sauti, unasema wewe kwa Kiswahili.

Kiingereza nilikijua?

Nilijua maneno mia moja, na sitini kati ya hayo yalikuwa matusi. Nisipoelewa natunga. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mtafsiri akinyamaza dakika moja, watu wanahamia kibanda cha jirani.

Basi nikajiunga na masomo ya jioni. Mchana natafsiri, saa kumi na moja niko darasani nasomea QT, ule mtihani wa kumfungulia wa la saba mlango wa kidato cha nne.

Huko ndiko nilikokutana na Ticha Gethin.

Mzee wa miaka sabini hivi, mrefu kama nguzo ya umeme, suruali imekaa juu ya kitovu. Dada yake alikuwa nesi ng'ambo ya ziwa, Sengerema, naye alikuja kumfuata baada ya kustaafu. Siku za wiki alikaa mjini akitufundisha Kiingereza bure. Ijumaa anavuka na kivuko pale Busisi kwenda kwa dada yake.

Alitoka Wales. Ukimwita Mwingereza anakutazama kama Mkerewe uliyemwita Msukuma.

Siku moja tulikuwa tunasoma "past tense", akasema atatufundisha kwa maisha yake mwenyewe. Akaweka chaki chini, akaketi juu ya meza.

Alizaliwa kwenye bonde la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake mchimbaji. Nyumbani walisema Kiwelisi. Bibi yake alipokuwa shule, mtoto akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni.

Darasa zima tukapiga kelele. "Ticha, hata sisi!" Maana nani kati yetu hakuvishwa kibao kwa kusema Kisukuma au Kijita? Mzee akatucheka mpaka akakohoa. Alisema amezunguka dunia nzima kuja kuwakuta watu wa kwao.

Akiwa na miaka tisa alighani mashairi kwenye mashindano ya kanisani, akashinda. Akaenda London kuwa mwigizaji. Miaka kumi jukwaani, kazi yake ni kuleta barua. Anaingia, "Mheshimiwa, barua yako," anatoka. Mara moja mwigizaji mkuu aliugua, akacheza mfalme siku nne. Ya tano mwenyewe akapona.

Kwenye filamu alikuwa wa kufa. Alihesabu vifo vyake thelathini na kimoja.

Halafu akapata nafasi moja ya maana. Filamu ya mgodi ulioporomoka. Yeye ni mchimbaji aliyefukiwa, anaongea na mke wake kupitia bomba. Dakika sita. Alituambia, "Ile sikuigiza. Nilimfanya baba yangu tu."

Filamu ilipotoka alimpeleka mama yake kuiona. Ticha alipofungua mdomo kwenye kioo, ikatoka sauti ya mtu mwingine. Wenye filamu walisema lafudhi yake ni ya kishamba, wakamwekea Mwingereza wa kumsemea bila kumwambia. Mama yake akamnong'oneza, "Huyo siyo wewe."

Hakuiona tena tangu siku ile.

Mimi kwa kiherehere changu nikasimama. "Ticha! Hiyo tunayo! Tunaionyesha kila wiki!"

Mdomo ulitangulia, akili ikafuata kwa miguu.

Maana wakuu, kanda ile ilikuwa ya kujazia tu. Picha za zamani zisizo na rangi, tulikuwa tunaiweka watu wakisubiri muvi ya ngumi. Ili wasiondoke, niliigeuza komedi. Yule mchimbaji nilimpa sauti ya mzee wa kijijini kwetu. Pale kwenye bomba, anapoagana na mkewe, mimi nilikuwa nasema: "Mke wangu! Nitumie ugari na dagaa! Na piripiri usisahau!"

Watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi. Wengine walirudi kila wiki kwa ajili ya dagaa tu.

Sasa angalia, mzee amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Amesema Ijumaa hii havuki, Jumamosi anakuja kibandani.

Nikamwendea Mama Kulwa. Nikamwambia Jumamosi nataka kutafsiri kwa heshima, kuna mgeni.

"Wewe Masalu, ukitafsiri kama uko kanisani watu watahama. Na wakihama, hama nao."

Jumamosi mzee akaja na tai. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba kama mzaliwa wa Magu. Nikamweka benchi la mbele.

Nikaanza kutafsiri taratibu, bila utani. Nusu saa, watu wananung'unika. "Mtafsiri leo anaumwa?" "Kafiwa huyo!"

Likafika bomba. Uso wake wa ujana ukajaa kioo kizima.

Kabla sijavuta pumzi, kibanda kizima kwa pamoja:

"NITUMIE UGARI NA DAGAA!"

Wakuu, mabati yalitaka kuruka. Watu wanapiga miguu, wanapiga mabenchi, wanacheka na machozi.

Mzee akanigeukia. Nilitegemea hasira. Alikuwa anatabasamu. Aliona watu wanaojua kipande chake kwa moyo, na machozi yao akayadhani ya huzuni.

"Wanasema nini?"

Nikamwambia, "Wanasema, Mungu amlinde."

Sijui ilitoka wapi. Miaka yote ile ya kutunga, ndio uongo uliotoka laini kuliko wote.

Akasimama. Akawageukia wale watu, akaweka mkono kifuani, akainama kama wanavyoinama jukwaani. Nao wakashangilia, maana waliona babu mchekeshaji.

Jumapili nilishinda kitandani kama mtu wa malaria.

Jumatatu, baada ya kipindi, akaniita. Alikuwa na karatasi. Alitaka nimwandikie yale maneno ya Kiswahili, yale waliyosema watu wote, ampelekee dada yake.

Kalamu nikaishika. Nikashindwa.

Nikamwambia yote. Ugali, dagaa, pilipili, lafudhi ya kijijini, na kwamba nilimdanganya.

Darasa lilikuwa na joto, nzi anatembea ubaoni. Mzee akaonekana amezeeka miaka mia tatu.

Kisha akauliza, "Hiyo lafudhi uliyonipa ni ya nani?"

"Ya kwetu, Ticha. Ya baba yangu."

"Na unaifanya ili wacheke."

Lile halikuwa swali.

Akachukua ile karatasi, akaandika kwa Kiingereza maneno ya mchimbaji, yale yenyewe. Akanisomea kwa sauti yake, taratibu, mstari kwa mstari, mpaka nikaelewa kila neno. Hayakuwa mengi. Akaniambia, "Haya ndiyo uliyoyachukua." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Wiki iliyofuata kanda ilipowekwa, nilifanya kitu ambacho mtafsiri wa kibanda hafanyi. Walipopiga kelele za dagaa nikanyamaza. Wakarudia, nikanyamaza. Walipochoka nikarudisha kanda nyuma, nikasema kwa sauti ya baba yangu, safari hii bila utani:

"Mke wangu, usikae hapo kwenye baridi. Nenda nyumbani, wale watoto wameamka. Mimi nasubiri kidogo tu."

Wakazomea. Wakatoka mmoja mmoja kwenda kwa jirani. Mama Kulwa alisimama mlangoni mikono kiunoni, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kushika maiki pale.

Alibaki mtu mmoja, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, mguu una bandeji. Alitazama mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kaka, huyu walimtoa?"

Nikamjibu filamu haisemi.

Jioni nikamsimulia Ticha: walitoka wote, kazi imeisha, kabaki mmoja, na swali lake ni hilo.

Mzee akavua miwani.

"Mwambie hawakumtoa," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu yuko kule chini mpaka leo."

Yule mchimbaji wa Geita sikumpata tena.

Ndugu zangu, QT nilifaulu, Kiingereza nikapata C ya kubebwa na malaika. Leo hii kazi yangu bado ni ukalimani, semina na mikutano. Nisipoelewa nasimamisha mkutano mzima, namuuliza mwenye maneno yake alimaanisha nini. Wananiona mzito. Sawa tu.

Funzo langu ni hilo: ukipewa kazi ya kumsemea mtu, muulize kwanza anasema nini.

Mliokaa kwenye yale mabenchi ya miaka ya tisini, semeni. Na wewe uliyewahi kusemewa usilolisema, karibu, hapa chini kuna nafasi. Nitasoma zote, hata za matusi.