Kirola cha Mke Wangu na Upara Wangu

Mkinicheka sitalalamika, maana hata mimi najicheka. Mke wangu ana kirola chenye vijisindano, hukipitisha usoni ili ngozi ijijenge upya na makovu ya chunusi yafifie. Nilikitazama wiki nzima nikijiuliza: kama kinaamsha ngozi, nywele za utosini nazo si zitaamka?

Jumamosi alipokwenda sokoni nikakipitisha kwenye upara. Hakikuuma sana, nikadhani hakifanyi kazi, basi nikakikandamiza. Utosi ukavimba na kujaa vidoti vyekundu, mistari kwa mistari. Kirola nikakificha kabatini. Mke wangu alipokikosa nilinyamaza, naye akamshuku dada yangu, mgeni wetu kutoka Namtumbo.

Jumapili nikaenda misani na kofia ya sufu, nikisingizia baridi ya Songea. Nilisahau kuwa ni zamu yangu kusoma somo la kwanza. Nilipofika mimbarini katekista akaninong'oneza, "Mwalimu, kofia."

Nikaivua. Nilipoinama kusoma, utosi ukawaelekea waumini wote. Kutoka benchi la mbele nikamsikia mke wangu akimwambia dada yangu taratibu, "Wifi, nisamehe. Mwizi ndiye huyo anayetusomea somo."