Cherehani ya Kupigia Picha

Siku ile tulikuwapo mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ametoka jela, wadogo zetu wawili wa kike, mwenyekiti wa mtaa, ofisa wa mradi wa kusaidia vijana waliomaliza vifungo, mpiga picha wake, na mama mwenye shamba la zabibu kule Makutupora. Wazazi wetu wamezikwa Zuzu. Tangu tuwazike niliacha shule, nikawa mlezi.

Mdogo wangu aliiba betri ya pikipiki. Huko ndani alijifunza ushonaji, na mradi uliahidi kumpa cherehani, ila sharti awe na sehemu ya kazi kwanza. Tulipata kibanda, mwenyewe akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Yule mama wa zabibu akanilipia, tukakubaliana nitarudisha kwa kumpogolea mizabibu.

Basi cherehani ikashushwa, inang'aa, imefungwa utepe. Mwenyekiti akasema mwizi wetu leo fundi, watu wakacheka, naye mdogo wangu akacheka nao kwa kutojua afanye nini. Wakamtaka aseme amebadilika. Alisema. Mpiga picha akamwambia arudie, safari hii akitabasamu. Ofisa alimshika mkono, kisha nikamwona anajifuta kiganja kwenye suruali, taratibu, kama aliyegusa kinyesi. Tukala pilau. Midomo ya wageni iling'aa mafuta.

Walipomaliza, dereva akaipakia cherehani garini.

Nilidhani amekosea. Nikamfuata ofisa, nikamwamkia tena, nikamuuliza.

"Hii ni ya maonyesho, dada. Kesho tunayo kata nyingine. Ya kwake itakuja bajeti ikipita."

"Na kodi niliyolipa?"

"Hiyo ni sehemu ya mchango wa familia." Akanipa chupa ya maji.

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikaitapika pilau yote.

Mdogo wangu alinifuata. "Dada, kule ndani cherehani nilikuwa nayo."

"Usiniambie hivyo tena," nikamwambia. "Kesho unafungua."

Alifungua. Anashona vifungo na kubadilisha zipu kwa sindano ya mkono, na siku nyingine hapati hata mteja. Mwenye kibanda hakurudisha kodi. Cherehani haijaja. Mimi nashinda Makutupora na mkasi wa kupogolea. Upande wa barabarani nimeumaliza, upande wa kisimani bado wote.