Kibubu cha Siti

Bi Mwatum Matano, mkaanga samaki aina ya vibua mtaa wa Madungu, hakumwamini mtu kwa fedha, na wa kwanza ni mumewe. Ngwali alikuwa mtu mwema, ila shilingi ikimkaa mfukoni humuwasha, na ukikaribia mchezo wa ng'ombe, watu wanapochezana na fahali uwanjani, ndipo hatulii kabisa. Bi Mwatum naye alitaka kukodi mikarafuu mitatu msimu wa mwaka 1959, achume na kuanika karafuu zake asiulizwe na mtu. Akanunua kibubu cha udongo, akachagua chenye ufa mwembamba kuliko vyote, kisha akatangaza kuwa ni cha mtoto wao, Siti.

Hapo ndipo penye akili. Fedha ya mke huazimwa. Ya mtoto wa miaka miwili nani ataiomba? Kila jioni baada ya kula, Siti alipewa chenji za siku, akazitumbukiza moja moja, wazazi wakimpigia makofi. Hata Ngwali alitoa senti zake zenye tundu katikati. Kibubu kikawa kizito.

Asubuhi moja Kificho, mchuuzi wa samaki kutoka Tumbe, aliegemeza ukutani baiskeli yake yenye tenga la vibua. Bi Mwatum akaupanga mtaji wote wa siku juu ya mkeka, maana fedha ikionekana bei hushuka.

"Vimelala hivi, Kificho."

"Vimelala wapi, Bi? Tazama macho, yanakuangalia."

"Basi yaione na bei yangu."

Wakavutana mpaka wakakubaliana. Kugeuka, mkeka mtupu. Siti kakipakata kibubu, anajipigia makofi mwenyewe.

Bi Mwatum akakipindua, akakitikisa, akachokoa kwa kisu. Haikutoka hata senti. Ufa ule aliuchagua mwenyewe.

"Niachie vibua, jioni nikulipe."

"Mie nikikuomba kipande cha samaki kwa mkopo, hunambia mkopo ni ndugu wa wizi," alisema Kificho. "Leo kawa ndugu yako?"

Akaishika baiskeli. "Jua lapanda. Bi Kijakazi ananingoja."

Kijakazi alikaanga mtaa wa pili, na mteja akishaonja kwake harudi kwa Bi Mwatum. Bi Mwatum akachukua mchi, akakipiga kibubu.

Ngwali, asiyeamshwa na jogoo, aliamshwa na mlio ule. Akasimama mlangoni, akatazama vigae na shilingi zilizomwagika.

"Mama Siti, kumbe chavunjika."

"Kimevunjwa kwa dharura."

"Na mchezo wa ng'ombe ni Alhamisi. Nao una dharura yake."

"Fedha ya mtoto hiyo, Ngwali."

"Naona mtoto ndiye anayemlipa Kificho."

Bi Mwatum akainama kuokota shilingi za Kificho. Alipokuwa akimhesabia Kificho, Siti, aliyezoea kuwa senti haikai chini, alianza kuziokota zilizobaki na kuzitia mahali palipokuwa karibu: kiganja cha babake. Ngwali akamsifu kwa kila moja.

Vibua viliuzika, ila senti za kiganjani zilikwenda mchezoni Alhamisi. Msimu ule Bi Mwatum hakukodi mikarafuu; alichuma ya watu, kwa malipo ya kila pishi aliyoijaza.